Arobaini ya Bi Shangwe

Palikuwa na nchi, tena si mbali, ila ukimwuliza mtu njia ya kwenda huko hutazama kwanza nyuma yako, ndipo akwambie haijui. Nchi yenyewe iliitwa Vifijo. Ilikuwa na mlima, ina bonde, ina rais mmoja na runinga moja. Rais aliitwa Mtukufu. Runinga nayo ilikuwa ya Mtukufu, lakini wananchi waliruhusiwa kuitazama.

Katika runinga hiyo ndimo alimojulikana Mwamtumu binti Kibwana. Alianza kwa kuimba kwenye harusi za kwao Bondeni, na sauti yake ilikuwa hivi: akiimba, hata bwana harusi aliyelazimishwa alikubali. Siku moja alikuja mkubwa fulani wa Wizara ya Burudani na Majonzi kula pilau ya watu. (Wizara hizo mbili ziliunganishwa kwa busara, kwa kuwa zote hutumia maturubai yale yale.) Akamsikia, akaacha mnofu mkononi, akasema, "Huyu ndiye tunayemtafuta."

Maana taarifa ya habari ya Vifijo ilikuwa chungu kama mwarobaini, na Wizara ilikuwa inatafuta kitu cha kuinywea. Mwamtumu akapewa wimbo wa kutanguliza habari:

*Tulia jirani yangu, ya leo yaishe leo,*
*Ya kesho ni ya wakubwa, lala uwaachie.*

Alipoimba, watu walibaki wakiyumbisha vichwa mpaka habari zikaisha. Bei ya unga ikapanda, ikapanda tena, na hakuna aliyeisikia. Mwamtumu akavishwa nishani, na hakujua kwa nini, akadhani ni kwa ajili ya sauti.

Baadaye wakamtia katika mchezo wa kuigiza ulioitwa *Wapangaji*. Humo alikuwa Bi Shangwe, mwenye nyumba. Kazi yake kubwa ilikuwa kucheka. Mpangaji akileta uongo wake, "Bi Shangwe, kodi imeliwa na panya," basi yeye hacheki papo hapo. Kicheko kilianzia chini tumboni kama chungu cha maharage kinapoanza kuchemka, kikapanda kifuani kikatokota, kisha kikatokea kwenye mwanya wa meno yake ya mbele kama filimbi. Nchi nzima ikapenda filimbi ile. Wagonjwa waliahirisha kufa ili wamwone. Bondeni kulikuwa na mzee mmoja mwanamke aliyekuwa akimwekea Bi Shangwe sahani ya wali mbele ya runinga, akiikuta haijaguswa humnung'unikia, "Siku hizi umekuwa wa kuringa."

Mwamtumu mwenyewe hakuringa. Mama yake alikwishatangulia mbele ya haki, mume hakudumu, mtoto hakujaaliwa. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita wake, naye ni mtani wake, Stumai wa Mlimani.

Hapa inafaa kueleza. Watu wa Bondeni na wa Mlimani ni watani tangu babu zao walipochinjana vya kutosha wakachoka. Wakakubaliana kwamba tangu siku ile watatukanana tu. Mtani akikwambia pua yako kama kiazi, unamshukuru. Akichukua kuku wako, unamwuliza mbona kamwacha jogoo. Na msibani ndipo penye kazi yake hasa. Mtu wa Bondeni akifa, mtani wa Mlimani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akadai madeni yake, mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Siku ya arobaini huzivua nguo, akazirudisha kwa wenyewe, utani ukaishia hapo. Na juu ya yote kuna sheria: kwenye utani hakuna kesi. Polisi wa Vifijo walikuwa na kesi ya kila kitu, hata ya kupiga chafya wakati wa hotuba, lakini ya utani hawakuwa nayo.

Stumai alikuwa mwitikiaji wa mstari wa nyuma, yule anayefunikwa na spika. Mwamtumu ndiye aliyemtoa huko. Akamfundisha kuvuta pumzi, akamfundisha kusimama mbele ya kamera, akamgawia kioo chake katika chumba cha kuvalia. Na humo ndani ilikuwa vita kila siku.

"Wee Mbondeni, leo umejipaka poda kama muhogo uliosahauliwa kwenye unga!"

"Afadhali muhogo, mwenzangu. Nyie huko Mlimani mnakula viazi mpaka mmefanana navyo."

"Ngoja ufe tu. Nitazivaa kanga zako nizikatikie mpaka jeneza lione wivu."

"Na uzirudishe, mwizi wewe!"

"Nirudishe? Kwani utakuwa umefufuka?"

Wakacheka wakashikana mabega. Ilikuwa hivyo miaka yote.

Basi siku moja katika *Wapangaji*, mpangaji mmoja aliambiwa paa la chumba chake alilotoboa alirekebishe. Akajibu, "Nitalirekebisha mwakani, Bi Shangwe." Bi Shangwe akamtazama. Akasema polepole, "Mwakani." Chungu kikaanza kuchemka, kikatokota, filimbi ikalia.

Bahati mbaya, asubuhi ya siku hiyo hiyo Mtukufu alikuwa amewaahidi wananchi maji ya bomba. Mwakani.

Vifijo yote ikacheka. Walicheka Bondeni, wakacheka Mlimani, kambini askari walicheka wakiwa wamesimama mguu sawa. Wizara ikakaa kikao. Hakuna aliyekasirika. Lilitolewa tangazo rasmi la kutokasirika, likasomwa mara nyingi kwa sauti ya ukali. Kisha Waziri wa Burudani na Majonzi akamwita Mwamtumu, akamkaribisha kiti, akamkaribisha na soda.

"Bi Mwamtumu, tumekaa kama wazazi. Tumemwona Bi Shangwe amechoka."

"Mbona mimi sijachoka, Mheshimiwa?"

"Wewe hujachoka, hata kidogo. Aliyechoka ni yeye. Tumemhurumia. Atakula samaki, mwiba utamkwama, ataondoka kwa heshima."

Mwamtumu alikuwa mtu wa kazi. Akawaza, mchezo ni mchezo, akifa Bi Shangwe watanipa mwingine. Akafa. Na kosa lake likawa moja, kwamba alikufa vizuri mno. Aliutazama ule mwiba kama mtu anayemtambua mgeni aliyemngoja, akatabasamu, mwanya ukaonekana mara ya mwisho, akalala.

Mtukufu alikuwa anatazama. Akaangua kilio. Akamgeukia msaidizi wake, "Amefariki?"

Katika nchi ya Vifijo haikuwa desturi kumwambia Mtukufu jambo ambalo hajalisema yeye kwanza. Msaidizi akainama. "Kama ulivyosema, Mtukufu."

Asubuhi bendera zilikuwa nusu mlingoti. Waziri akamjia Mwamtumu nyumbani kwake, jasho linamtiririka.

"Mama, tumepata msiba."

"Msiba wa nani tena, jamani?"

"Wako."

Mwamtumu akacheka. Waziri hakucheka.

"Si mwende mkamwambie ulikuwa mchezo, Mheshimiwa?"

"Aende nani? Mimi nina watoto. Sikiliza, mama. Mtukufu amekwisha kulia. Machozi ya Mtukufu ni mali ya umma, yakidondoka bure ni hasara kwa taifa. Tunachokuomba ni kitu kidogo tu. Ufe kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Tutaangalia. Mwakani hivi."

Stumai alikuwepo pale, amekuja na viazi vyake vya kuchemsha kama kawaida yake. Akavisukuma kando, akasema, "Mheshimiwa, mimi naye si watani? Basi jambo hili ni dogo. Dada huyu mtamzika kwa heshima zote. Mimi nitavaa nguo zake, nitamwiga mbele ya Mtukufu. Siku ya arobaini, badala ya kuzirudisha nguo tupu, nitamvika mwenyewe mbele ya kamera. Nitasema, jamani, watani wa Mlimani tumeshindwa kumzika huyu, ardhi imemtema kwa makelele! Mtukufu atacheka. Akishacheka, nani atamwuliza kwa nini alilia? Kwenye utani hakuna kesi."

Waziri akafuta jasho. Mwamtumu akamtazama mtani wake, akaona kweli kumgawia kioo chake hakukuwa hasara, alichomfundisha amekishika.

"Arobaini," akasema Mwamtumu. "Ikipita hapo mimi nafufuka mwenyewe, nawaambia."

"Ikipita hapo na mimi nife," akasema Stumai, akaapa kwa mlima wao.

Wakamficha katika chumba cha uani, nyumbani kwa Stumai. Akawa anautazama msiba wake kwenye runinga. Walizika mgomba uliovikwa sanda, mgomba mzuri, wenye kimo chake. Mizinga ikapigwa. Waziri akahutubia akasema marehemu alikuwa mti wa taifa, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akawa amesema kweli. Mtukufu akatupa udongo kwa koleo la dhahabu.

Kisha akatokea Stumai. Alikuwa amevaa kanga za Mwamtumu, zile za zambarau, na kilemba chake, na viatu vyake vilivyompwaya. Akatembea kama yeye, ule mwendo wa kutupa kisigino. Akawafokea waombolezaji, "Nyie mmekuja kunizika au mmekuja kwa pilau?" Uwanja ukacheka huku unalia. Kule chumbani Mwamtumu naye akacheka mpaka akashika mbavu, peke yake, kiganja mdomoni ili majirani wasisikie. Alijiona anaigizwa vizuri. Nani asiyependa?

Jioni Stumai akarudi na sahani iliyofunikwa. "Kula, mfu wewe. Pilau ya msiba wako, nimekuwekea na ukoko."

"Ile sauti ya kukohoa umezidisha. Mimi sikohoi hivyo."

"Wafu hawajui walivyokuwa wakikohoa. Kula."

Siku zikaenda. Mwanzoni Stumai aliwahi kurudi, wakala pamoja. Baadaye akawa anaitwa Wizarani, mara asubuhi, mara alasiri. Wimbo wa kutanguliza habari ulihitaji mtu, akauimba yeye, "kwa muda tu, dada." *Wapangaji* nayo ikawa na mwenye nyumba mpya, mdogo wake Bi Shangwe, aliyecheka pale alipoandikiwa kucheka na kunyamaza pale alipoandikiwa kunyamaza. Wizara iliona ni maendeleo. Mwamtumu hakuona kitu. Alikaa mkekani akijiambia subira huvuta heri.

Karibu na arobaini, Stumai akaanza kuongea ameziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Una nini?"

"Jino, dada. Linanisumbua."

"Sukutua maji ya chumvi."

Akamchemshia maji mwenyewe, akatia chumvi, akampelekea. Stumai akayapokea bila kumtazama.

Siku ikafika. Uwanja ukajaa mpaka watu wakakalia watu. Mtukufu alikuwa jukwaani, kitambaa cha machozi kimeshapigwa pasi kimeshikwa na msaidizi. Waziri akasimama.

"Ndugu waombolezaji! Serikali yenu sikivu imehakikisha kwamba kwa siku zote hizi huzuni haikukatika hata mara moja, tofauti na umeme. Na huzuni hiyo imewafikia hata wale ambao maji hayajawafikia!"

Makofi.

Mwamtumu alikuwa ameketi kando ya mkeka wa watani, amejifunika buibui. Akaona Stumai anasimama katikati ya mkeka na zile kanga za zambarau. Wakati umefika wa kuzivua. Basi Mwamtumu akanyanyuka, akafunua uso, akamwendea akiwa amenyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayevishwa nguo.

Uwanja ukasema, "Aaa!"

Stumai akamtazama. Akatabasamu.

Na katikati ya meno yake ya mbele, pale palipokuwa pamefungana tangu azaliwe, palikuwa na mwanya. Mwanya mpya, umechongwa kwa ustadi, ufizi bado mwekundu.

Mwamtumu akakumbuka maji ya chumvi.

"Nani huyu?" akauliza Stumai, si kwa ukali, kwa upole tu, kama mtu anayeulizia bei.

"Stumai," akasema Mwamtumu. "Mimi hapa. Sema."

"Jamani, mwenyeji wa huyu mama yuko wapi? Amefiwa vibaya, masikini."

Waziri akaingia kati, maana hakuna jambo Vifijo lililoisha bila Waziri kuingia kati. "Mama, unadai wewe ni nani?"

"Mimi ndiye Mwamtumu. Ndiye Bi Shangwe. Mimi ni mzima, na wewe Mheshimiwa unajua kuwa ni mzima. Ulikuja kwangu."

"Serikali huenda kwa kila mtu," akasema Waziri. "Hata hivyo hatuhukumu bila ushahidi. Kwa mila zetu, msemaji wa marehemu ni mtani wake. Bibie Stumai, tumthibitisheje?"

Stumai akaangalia chini kidogo. Kisha akainua uso, akaanzia tumboni, akapandisha kifuani, filimbi ikalia kwenye mwanya mpya. Kilikuwa kicheko kile kile, ila kimepungukiwa kitu, kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili.

"Acheke," akasema Stumai. "Kama ni yeye, acheke."

Uwanja mzima ukanyamaza kumngoja. Hata Mtukufu akainama mbele. Waigizaji wenzake, wote wanaomjua, walikuwa wakitazama viatu vyao. Mwamtumu akafungua mdomo. Alikuwa amecheka maisha yake yote kwa mshahara na bila mshahara. Kicheko kilikuwa ndiyo shahada yake, ndiyo shamba lake. Akakitafuta tumboni. Akakuta maji ya chumvi tu. Yakapanda, yakatokea machoni.

Akalia.

"Mmeona wenyewe," akasema Waziri. "Bi Shangwe hakuwahi kulia kwenye runinga hata siku moja. Huyu ni wa bandia."

"Ameniibia!" akapiga kelele Mwamtumu. "Nguo zangu! Jina langu! Hata meno! Mkamateni mwizi huyu!"

Waziri akatabasamu, akainua kidole.

"Kwenye utani, mama, hakuna kesi."

Uwanja ukaangua kicheko, watu wakapigana viganja, wakasema mwaka huu watani wa Mlimani wameleta kali, yule mwanamke anayelia alikuwa mtamu kuliko wote. Wakamtunza kwa makofi, wakamtoa nje kwa taratibu.

Ikawa hivyo. Mwamtumu akapanga chumba upande wa pili wa mji. Alikwenda ofisi zote kuomba kuwa hai, na kote alipokewa vizuri. Walimwambia ni jambo linalowezekana kabisa, alete tu mtani wake aje aseme. Majirani walimwambia anashabihiana na marehemu kidogo, ila marehemu alikuwa mrefu na mwenye furaha. Hakuimba tena. Taarifa ya habari ilipokuwa inakaribia, na ile sauti ikaanza *tulia jirani yangu*, yeye alitoka nje akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Alichokuwa akikingoja ni siku moja Stumai agonge mlango. Hata asiseme kitu. Aje na sahani ya viazi tu. Hakuja.

Mwaka ulipotimia, Wizara ikatangaza kuzindua sanamu ya Bi Shangwe katikati ya mji. Mwamtumu akaenda kama watu wengine. Mtu aende wapi siku ya kumbukumbu yake? Akaketi chini nyuma kabisa, pembeni ya bibi mmoja wa Bondeni aliyekuja na sahani ya wali.

Stumai alikuwa jukwaani, kanga za zambarau. Waziri akasema fundi aliyechonga sanamu ni bingwa wa taifa, na kweli alikuwa bingwa: alikuwa amechonga sanamu zote za Mtukufu nchi nzima, na hakuwahi katika maisha yake kuchonga kitu kingine. Ngoma zikapigwa. Mtukufu akavuta kamba, shuka likaanguka.

Alikuwa ni Mtukufu. Amevaa kanga. Ana kilemba kichwani, sharubu zimekwanguliwa zikabaki alama, tumbo lile lile, shingo ile ile ya mikunjo; na katikati ya meno yake, mwanya.

Watu elfu wakageuza macho kwa Mtukufu. Mtukufu mwenyewe akaitazama kwa muda, akatikisa kichwa. "Wamempata," akasema kwa huzuni. "Ni yeye mtupu."

Hapo ndipo Mwamtumu alipohisi kitu tumboni. Alidhani ni njaa. Kikachemka. Akakaza midomo, kikapanda kifuani, kikatokota, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na filimbi ikapenya katikati ya vidole, ikalia juu ya vichwa vya watu, ikaenda ikagonga sanamu, ikarudi.

Kila mtu aliijua. Hakuna mtoto wa Vifijo asiyeijua. Waigizaji waligeuka. Askari waligeuka. Stumai akasimama pale jukwaani, akatazama nyuma kabisa, mpaka macho yao yakakutana, na Mwamtumu akaona kwamba mtani wake midomo inamtetemeka kama mtu anayetaka kusema. Lilikuwa neno moja tu lililotakiwa. Mwamtumu akalingoja, huku bado anacheka.

Stumai akaufunika mwanya wake kwa kiganja, akakaa.

Waziri akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Mmesikia wenyewe! Roho ya marehemu imepita hapa, imeiona sanamu, imeridhika!"

"Amina!" uwanja ukaitikia, watu wakainamisha vichwa, wengine wakalia kwa furaha.

Yule bibi wa Bondeni akaweka sahani yake ya wali chini kwa heshima, akamgusa Mwamtumu bega.

"Sogea kidogo, mwanangu," akamnong'oneza. "Umekaa pale pale roho ilipopita."

Mwamtumu akaitazama sahani. Wali ulikuwa bado wa moto. Akakusanya upindo wa kanga yake, akasogea, akajipisha.